CG125 ya zamani inazima kila nikikaribia Mambrui: ni kabureta au mafuta yanakwama kwingine?

MwanaMaweni

Assalaam aleikum, mafundi na wapanda pikipiki wenzangu. Nina Honda CG125 niliyoachiwa na ami yangu, ambaye aliitumia miaka mingi alipokuwa bwana shamba upande wa Marafa, na kwa kuwa ni kumbukumbu yake sitaki kuiuza wala kuibadilisha injini. Kazi yangu iko Marereni nami naishi Maweni, hapa Malindi, kwa hiyo siku tano kwa wiki naivusha daraja la Sabaki asubuhi na jioni.

Tatizo ni hili. Asubuhi huwaka kwa kiki ya kwanza au ya pili, hutulia vizuri ikiwa imesimama, na hunipeleka bila wasiwasi mpaka nikaribie Mambrui. Hapo, baada ya kama dakika 15 za mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nguvu huanza kupungua hata nikizungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, hukohoa mara mbili tatu, kisha huzima. Nikikaa kando ya barabara dakika tano, huwaka tena kana kwamba haikuwa na neno, huenda kidogo, halafu hurudia yale yale.

Fundi wangu ameosha kabureta mara mbili, tumebadilisha plagi, na tumefunga chujio jipya la plastiki kwenye mpira wa mafuta. Miezi mitatu iliyopita kabureta ilikuwa ikivuja petroli kupitia kimrija cha chini. Aliifungua, akakunja kidogo ulimi wa floti, yaani lile boya la ndani linalofunga petroli ikishajaa, na uvujaji ukakoma. Nalitaja hili ili maelezo yawe kamili, ingawa sidhani linahusika. Sasa ananiambia kabureta imekufa na ninunue nyingine.

Kuna jambo moja linalonishangaza: siku ninayojaza tangi pomoni ndiyo huzima mapema zaidi, na siku tangi likiwa nusu huweza kunifikisha hata karibu na Gongoni. Ningedhani iwe kinyume, kwa sababu mafuta mengi yana uzito wa kuyasukuma chini. Je, kuna namna ya kupima nyumbani, kwa vifaa vya kawaida, ili nijue mafuta yanakwama wapi kabla sijatoa fedha?

BodaKisumuNdogo

Wa aleikum salaam, kaka. Kabureta hizo za zamani zimechoka. Mimi niliondoa ya kwangu nikafunga ya pikipiki za siku hizi, kisha nikaongeza jeti kubwa, yaani kile kitundu kikuu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, iwe kubwa zaidi kwa sababu nayo ilikuwa ikikosa nguvu mlimani, na mpaka leo nabeba abiria na magunia. Ukihesabu siku unazosukuma pikipiki juani, kabureta mpya si ghali.

FundiMkongwe_Gede

Wa aleikum salaam, mwanangu. Usinunue kabureta bado, na jeti usiiguse kabisa. Jeti huchota mafuta yaliyomo ndani ya bakuli, kile kikombe cha chini ya kabureta. Bakuli likiwa tupu, jeti kubwa itachota utupu kwa kasi zaidi. Ndugu yetu wa Kisumu Ndogo amesaidiwa na kitu kingine ambacho huenda hakukitambua, kwa sababu anayebadilisha kabureta kwa kawaida hubadilisha pia mpira, klipu na chujio siku hiyo hiyo.

Tutenganishe kwanza umeme na mafuta. Injini iliyokatikiwa na umeme huzima ghafla kama taa iliyozimwa kwa swichi, lakini iliyokosa mafuta hufifia, hukohoa, huomba, kisha ndiyo huzima. Maelezo yako ni ya njaa ya mafuta. Hata hivyo koili ya kuipa plagi umeme, iliyozeeka, ikipata moto huweza kutudanganya, maana nayo hupona ikipoa, kwa hiyo tembea na plagi ya akiba. Pikipiki ikizima, na kabla hujafungua kitu chochote chenye petroli, ichomeke plagi hiyo kwenye kofia ya waya, iegemeze kwenye chuma cha injini na upige kiki. Ukiona cheche ya buluu yenye sauti pale pale injini ilipozima, umeme umeachiwa huru.

Dalili ya pili utaipata ukiwa bado unaenda. Inapoanza kulegea, vuta nusu choki, ile ya kupunguza hewa inayoingia kwenye kabureta. Ikipata nguvu kwa muda, ilikuwa ikipewa hewa nyingi na mafuta machache. Ikizidi kuzama, tafuta kwingine.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la bakuli, kwa sababu linakata njia nzima ya mafuta vipande viwili kwa mara moja. Ikizima, funga koki ya mafuta iliyo chini ya tangi papo hapo, iache injini ipoe kidogo, weka chupa chini ya kimrija cha kabureta, kisha ulegeze skrubu ya kumwagia. Bakuli la injini ndogo kama hii hubeba mafuta ya kwenda kama kilomita moja tu. Likimwaga vizuri, mafuta yanafika na kosa liko baada ya hapo, kwenye jeti au njia zake. Yakitoka matone machache, jeti hazina hatia, nawe panda juu hatua kwa hatua: sindano ya floti (inayofunga mlango wa petroli ya bakuli), mpira, chujio, koki, tangi. Kufunga koki kwanza ni muhimu, maana ukiiacha wazi bakuli litaendelea kujaa huku ukilimwaga na jaribio halitakuambia kitu.

Nyumbani, pima mtiririko. Chomoa mpira upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa ya maji ya nusu lita uliyoiwekea alama, fungua koki, na uhesabu dakika moja kwa saa ya simu. Fanya hivyo nje, injini ikiwa baridi, mbali na jiko na mwenye sigara. Pikipiki yako ikila lita moja kwa kilomita 35, basi kwa mwendo wa 60 inatumia lita 1.7 kwa saa, yaani karibu mililita 29 kwa dakika. Ukiikimbiza 80 na ikala lita moja kwa kilomita 30, inafika mililita 44. Koki safi yenye mpira usiopinda hutoa mara kadhaa ya kiasi hicho bila shida. Ukipata 200 au zaidi, shukuru. Ukipata 60, kuna kitu kimeziba hata kama leo bado inatosha.

Sasa nije kwenye mshangao wako, kwa maana naona umeshajijibu bila kujua. Tangi linalotoa petroli lazima liingize hewa ya ujazo ule ule kupitia kitundu cha kifuniko. Kitundu kikiziba, hewa iliyo juu ya petroli hutanuka, shinikizo lake hushuka, na tangi huanza kunyonya mafuta lirudishe juu. Petroli inayoshuka kwa uzito wake tu, kwa kimo cha sentimita 20 hivi kutoka tangi hadi kabureta, ina msukumo mdogo sana, karibu asilimia 1.5 ya shinikizo la hewa. Maana yake ni kwamba ikiwa juu ya petroli mna lita moja ya hewa, kutoa mililita 15 tu bila kurudisha hewa kunatosha kuyasimamisha mafuta. Ikiwa mna lita tano za hewa, itabidi zitoke kama 75. Ndiyo sababu tangi lililojaa pomoni huzima mapema. Kama kosa lingekuwa taka kwenye koki au mpira uliobanwa, ungeona kinyume chake, yaani tangi likipungua ndipo shida inazidi, kwa sababu kimo cha mafuta kinapungua.

Na kwa nini dakika 15, si dakika mbili? Kwa sababu nadhani kitundu hakijaziba chote, kinapitisha hewa kidogo. Tuseme kinaruhusu mililita 24 kwa dakika na injini inataka 29. Kila dakika unadaiwa tano, unazitoa kwanza kwenye akiba ya tangi, kisha kwenye bakuli, mpaka akiba inakwisha. Ukisimama dakika tano, hewa inaingia polepole, bakuli linajaa, nawe unadhani pikipiki imepona.

Kwa hiyo pima mtiririko mara mbili: kifuniko kikiwa wazi, kisha kikiwa kimefungwa sawasawa, na hiyo ya pili uiendeleze dakika tatu au nne, ukiandika kila dakika peke yake. Uangalie pia mpira: mapovu yakipanda kuelekea juu, tangi linatafuta hewa kwa njia ya mlango wa nyuma.

NahodhaMokowe

Nawasalimu kutoka Lamu. Mimi si mtu wa pikipiki sana, kwetu kisiwani punda bado ana heshima yake, lakini nimeendesha boti za mashine miaka mingi na maneno ya Mzee wa Gede nayatia muhuri. Tangi la boti lile la kubebeka lina skrubu ya hewa juu ya kifuniko, unaifunga ukilisafirisha na unaifungua ukianza safari. Kijana mgeni akisahau kuifungua, boti huondoka Mokowe kwa mbwembwe, ikifika katikati ya mkondo huanza kukohoa, na lile tufe la mpira la kupampia mafuta unalikuta limenywea kama embe lililonyonywa. Unalegeza skrubu, unasikia tangi likivuta pumzi, safari inaendelea. Nawe ikizima, kabla ya kufanya lolote, fungua kifuniko huku umetega sikio. Ukisikia mvumo wa hewa ikiingia, umeshapata mwizi wako.

Naongeza jambo la maji, kwa kuwa huku kwetu unyevu ni mwingi. Unapomwaga bakuli, tumia chupa ya kioo na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini kama shanga zinazoviringika. Tone moja likikaa chini ya jeti kubwa huweza kuzima injini, likisogea injini huwaka, nawe ukaosha kabureta kila wiki bila kujua kwamba maji yako chini ya tangi yakisubiri kuteremka tena.

MwanaMaweni

Shikamoo Mzee wa Gede, na shukrani zangu kwako Nahodha. Nimefanya yote kwa siku tatu na naleta majibu.

Juzi ilizima hatua chache kabla ya njia panda ya Mambrui. Cheche ilikuwepo, ya buluu, na sikuwa na shaka nayo. Nikafunga koki nikamwaga bakuli: zilitoka kama kijiko kimoja cha chai. Nilipofungua kifuniko cha tangi nilisikia mvumo mfupi, kama mtu aliyeshtuka. Petroli niliyokusanya kwenye chupa ya kioo haikuwa na maji, ila ilikuwa na vumbi jekundu kidogo.

Jana nilipima nyumbani. Kifuniko kikiwa wazi nilipata mililita 290 kwa dakika. Nilipokifunga, dakika ya kwanza nilipata 70, ya pili 30, ya tatu 25, na ya nne 25, na mapovu yalikuwa yakipanda ndani ya mpira kama ulivyosema. Hesabu yako ya 24 ilinifanya nicheke peke yangu uani.

Kifuniko hiki si cha asili, ami alikiweka baada ya kile cha kwanza kupoteza ufunguo. Nilifungua skrubu zake tatu za ndani, nikakuta kijia cha hewa kimejaa kutu na unga mweupe uliogandamana, ambao nadhani ni chumvi, kwa kuwa pikipiki hushinda karibu na mashamba ya chumvi ya Marereni siku nzima. Nililoweka vipande katika mafuta ya taa usiku kucha, nikapitisha uzi wa shaba uliotoka kwenye waya wa umeme, na sasa nikipuliza kwa mdomo hewa inapita bila kutumia nguvu. Nimepima tena kifuniko kikiwa kimefungwa: 280 kwa kila dakika, dakika nne mfululizo.

Leo nimekwenda Marereni na kurudi bila kuzima hata mara moja. Limebaki jambo dogo. Nikifika 75 au 80 kwenye ile barabara iliyonyooka baada ya Gongoni, huwa kama inasita, si kukohoa, bali inakataa kuongeza mwendo, na nikivuta choki kidogo inachangamka. Kwa 60 haina tatizo. Je, sasa ndiyo kabureta?

FundiMkongwe_Gede

Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo kabureta, lakini bado si ya kutupa. Rudi usome maelezo yako ya kwanza, pale uliposema jambo la ulimi wa floti halihusiki. Floti inayovujisha ina sababu tatu za kawaida: taka zimeukalia mdomo wa sindano, ncha ya sindano imelika, au floti yenyewe imetoboka na kunywa petroli. Kukunja ulimi hakuponyi hata moja kati ya hizo. Kunachofanya ni kuishusha kiwango cha mafuta ndani ya bakuli, sindano ifunge mapema zaidi, na kwa sababu kiwango kimeshuka uvujaji hauonekani tena. Injini ikienda polepole haijali. Ukiifungulia mpaka mwisho, mafuta yana safari ndefu zaidi ya kupanda kutoka bakuli hadi kwenye koo la kabureta, mchanganyiko unakuwa mwembamba, nayo inasita. Choki inaificha kwa muda. Jeti kubwa nayo ingeificha, kisha ingekuletea masizi kwenye plagi na bili ya mafuta.

Kiwango utakipima bila kuifungua kabureta. Tafuta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, kama ule wa tangi la samaki, uuchomeke kwenye kimrija cha chini, uukunje upande juu sambamba na bakuli, isimamishe pikipiki wima, fungua koki, kisha ulegeze skrubu ya kumwagia. Mafuta ndani ya mpira yatasimama usawa ule ule yaliyosimama ndani ya bakuli. Kwa kabureta nyingi za namna hii, usawa huo unatakiwa uwe karibu na mstari ambapo bakuli linaungana na mwili wa kabureta, au chini yake kidogo. Ukiuona umeshuka karibu sentimita moja, utajua ulimi ulikunjwa kupita kiasi.

Kisha ifungue, utoe sindano, na uipitishe ukucha kwenye koni yake. Ukihisi mfereji, ibadilishe pamoja na kikalio chake, pale ncha yake inapokaa, kama kinatoka. Itikise floti karibu na sikio usikilize kama kuna petroli ndani. Urudishe ulimi kwa kuinamisha kabureta mpaka ulimi uguse pini ya sindano bila kuibonyeza ile springi ndogo, ndipo upime kimo cha floti kutoka uso wa gasketi. Kipimo kichukue kwenye kitabu cha kabureta yako hasa, maana kila toleo lina lake na ya jirani itakupoteza.

Vumbi jekundu nalo ulilitaja kwa sauti ya chini, ila mimi nimelisikia. Ni kutu ya tangi. Chujio lako litaikamata kwa sasa, lakini hakikisha ni lile jepesi la matundu ya wavu, kwa maana yale ya karatasi yaliyotengenezewa magari yenye pampu ni mazito kwa petroli inayoshuka kwa uzito wake tu. Honda nyingi za zamani zina pia kikombe kidogo chini ya koki. Funga koki, kifungue, utazame kilicholala humo. Ukiamua kulisafisha tangi, siki siku moja au mbili pamoja na nati chache za kutikisia, suuza, tia maji yenye magadi ya kuokea kuua ukali wa siki, suuza tena, likaushe juani upesi, na ulitie petroli yenye oili kidogo siku hiyo hiyo, la sivyo kutu mpya hurudi kabla ya magharibi. Niliwahi kuletewa tangi ambalo mwenyewe alikuwa amelisugua kwa mchanga wa ufukweni. Chumvi ya mchanga ule ililila chuma kuliko kutu aliyokuwa akiitoa.

BodaKisumuNdogo

Mzee, nimekubali kuhusu jeti. Nimekwenda kutazama plagi yangu na kweli ni nyeusi tititi. Ila na petroli yenyewe tusiisahau. Sisi tukiishiwa usiku hununua ya chupa njiani, na mara nyingine ina mafuta ya taa ndani yake, ingawa tangu 2018 ilipowekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya imepungua. Mimi hudondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi pasipo kuacha kitu, yenye mafuta ya taa huacha doa la kung'aa.

MwanaMaweni

Nimerudi na habari ya mwisho. Mpira wa tangi la samaki ulionyesha mafuta yakiwa milimita 11 chini ya mstari wa maungio. Ncha ya sindano ilikuwa na mfereji unaoonekana kwa macho, floti ni nzima. Nimepata sindano na kikalio chake mjini, nimeurudisha ulimi kwa kipimo cha kitabu alichoniachia ami ndani ya kisanduku cha spana, na sasa mafuta yanasimama milimita tatu chini ya mstari. Nilifungua koki usiku kucha na gazeti chini ya injini, asubuhi gazeti lilikuwa kavu.

Leo baada ya Gongoni nimeifikisha 80 bila choki, plagi imetoka na rangi ya kahawia kama ganda la korosho. Fundi wangu nilimwonyesha sindano ya zamani, akaigeuza geuza juani, akaniomba abaki nayo awaonyeshe vijana wake. Tangi nitalishughulikia Jumamosi, siki nimeshanunua lita tano.